Boksi Lililozibwa Mgongo

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu huko Kashozi, mwanangu Adela. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya migomba hadi nyumba ya bibi yangu ikawa kama inaelea. Nilikuwa msichana mwenye gitaa la umeme na kiburi cha kutosha, nikipiga hevi metali kijijini ambako watu walizoea kwaya. Umeniuliza ununue boksi gani la spika, lile refu linalong'aa, lililo wazi nyuma, au lile fupi zito lililozibwa. Shangazi yako hajui kujibu kwa kifupi, unanijua. Kaa utulie.

Bendi yetu ilikuwa ya watu wawili, mimi na Respicius, mpiga drams. Masikio yake yalikuwa yanafifia, na daktari alikwisha kumwambia kwamba yataziba kabisa. Tulikuwa na wimbo mmoja tuliotunga wenyewe, naye alitaka tuurekodi wakati bado anausikia. Sikutaka kitu kingine duniani zaidi ya hicho.

Fundi redio mmoja wa Bukoba alikuwa na maboksi mawili, akatuambia tuchague moja atuazime. Nikachukua lililo wazi nyuma, kwa sababu sauti yake ilitapakaa chumba kizima, tamu, nikajihisi niko mawinguni. Lile jingine lilikuwa limezibwa kila upande, na sauti yake niliiona kavu.

Tulipoanza kupiga kwa Bibi, Respicius alipotea. Alinitazama vidole, akabahatisha, mwisho akaacha.

"Koku, nakuona unapiga, lakini sikupati," alisema.

Niliongeza sauti mpaka kuku wakakimbilia shambani. Akatikisa kichwa, akaweka vijiti chini. Machozi yalinilengalenga, nisikufiche.

Bibi alikuwa akitandaza nyasi mpya sebuleni kwa ajili ya wageni wa ubatizo. Naye, kwa uzee, alisikia kwa shida. Alikuja akalizunguka boksi letu, akaingiza mkono kwa nyuma.

"Waitu, jamani, mbona mnavujisha?" aliuliza. "Mimi nikifukia ndizi za pombe nikaacha tundu, joto lote linatoka, ndizi haziivi. Hili lenu ni tundu mgongo mzima!"

Kisha akamgusa Respicius begani, akasema kwa sauti kubwa, "Kinanda cha kanisani mimi nakisikia kwa miguu. Ondoeni nyasi zangu hapo, nawe uvue viatu."

Nilicheka. Respicius hakucheka. Tukarudi Bukoba tukabadilisha boksi, tukaliweka lile lililozibwa kwenye sakafu tupu. Nikazima nyuzi nene kwa kiganja zisivume, nikapiga. Sauti ikatoka fupi na nzito, ikakoma pale nilipoikomesha. Respicius, miguu mitupu, alifumba macho. Polepole akaanza kutabasamu, na vijiti vikaanza kwenda na mimi, pigo kwa pigo. Tulirekodi siku hiyohiyo, maikrofoni karibu na spika, pembeni kidogo ya katikati, pale ambapo sauti haichomi. Wageni walikuta sakafu haina nyasi, na Bibi hakuomba radhi.

Siku hizi Respicius analima Kimwani na hasikii chochote. Juzi alikuja kunitembelea. Alivua viatu mlangoni kama kawaida yake, akaweka kiganja juu ya boksi langu, nami nikaweka rekodi yetu ya zamani. Ukungu ulikuwa nje, kama siku ile. Wimbo ulipokwisha alinigeukia.

"Hapo kati uliwahi kidogo, Koku."

Ni kweli, mwanangu. Niliwahi. Miaka yote hiyo hakuna mwingine aliyegundua.

Basi chukua lile fupi zito, lililozibwa mgongo, la mbao imara isiyotetema ovyo. Lakini kabla hujalichukua, nenda dukani na huyo unayepiga naye. Zima nyuzi, piga, kisha muulize yeye amepata nini, wala usiyaamini masikio yako peke yake. Utamu unaokufikia wewe tu hautoshi kurekodi wimbo wa watu wawili.

Mungu akupe mkono mzito na moyo mwepesi, na akujalie mtu wa kuvua viatu ili akusikilize.