Walicheka Wapi

Uso wa jaji niliutengeneza mbele ya kioo cha bafuni, kwenye nyumba tunayopanga wasichana wa hotelini, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha. Nililegeza nyusi, nikafunga mdomo bila kuubana, nikajitazama kana kwamba namtazama mtu nisiyemjua. Mwenzangu mmoja aligonga mlango akauliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba najiandaa na kazi.

"Kazi gani ya kununa?" akasema. "Si utoke tu tuoge."

Kazi yenyewe ilikuwa ya siku chache. Tamasha la kimataifa la filamu hapa Doha lilikuwa na jopo kubwa la majaji, watu wenye majina wanaoletwa kwa magari meusi, na pia jopo dogo la vijana wakazi wa mji, lililopewa filamu fupi. Niliomba nafasi kwenye hilo dogo nikiwa na hakika sitapata. Sijasomea filamu. Nilichokuwa nacho ni simu, na tabia ya kutazama onyesho moja mara nyingi chini ya blanketi, sauti ikiwa imezimwa, mpaka nijue kwa nini kamera imesimama pale iliposimama. Waliponichagua nilifurahi kwa muda mfupi sana. Baada ya hapo nikaanza kuogopa kukosea.

Lazima niseme wazi kwamba hakuna aliyetuagiza kununa. Mratibu wetu alitupa maneno machache siku ya kwanza: msipige makofi, msizungumzie filamu nje ya chumba chetu, na kumbukeni kwamba waliozitengeneza mara nyingi wamo humohumo ukumbini. Wenzangu walisikia hayo, wakaendelea kunywa chai yao ya karak. Mimi nilisikia mengine. Nilisikia kwamba chochote nitakachofanya na uso wangu ni kura iliyopigwa kabla ya wakati wake, na kwamba jaji mzuri hana uso. Kazini kwangu, mapokezi ya hoteli huko West Bay, nalipwa kutabasamu. Nikadhani haki ni kinyume cha tabasamu.

Alasiri ya siku ya pili alipanda jukwaani mlinzi mmoja wa majengo mapya ya Lusail, kaskazini mwa mji, mwenyeji wa Tanga, amevaa koti la kuazima lililomzidi mabega. Alisema filamu yake ameipiga kwa simu, saa za mapumziko, kwenye jengo ambalo bado halijapata wapangaji. Sauti ya mama kwenye filamu ni ya mama yake mzazi, aliyeigiza kwa simu vilevile, akiwa kwake Tanga. Akamaliza hivi: "Mama ameniomba jambo moja tu. Nikitoka hapa nimpigie, nimwambie watu walicheka wapi."

Ukumbi ukacheka papo hapo. Akashuka, akakaa safu ya pembeni, mahali ambapo sisi majaji alituona kwa ubavu.

Niligeuka kutafuta watu wa kwetu, sikuwaona. Ilikuwa siku ya kazi. Waswahili wa Doha walikuwa kwenye zamu zao, malangoni, jikoni, wodini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebadilishana zamu na mwenzangu ili niwepo. Kwa kadiri nilivyoweza kuona, ukimwacha yeye, nilikuwa peke yangu ninayeijua lugha ya filamu.

Filamu ilikuwa nyepesi. Mlinzi kijana anampigia mama yake kila siku na kumdanganya kwamba amepandishwa cheo, kwamba siku hizi ana ofisi. "Kazini unakaa au unasimama?" mama anauliza. "Nakaa, mama. Nina kiti changu." Anasema hivyo akiwa wima kwenye jua, kwa sababu haruhusiwi kukaa. Mama anamwambia, "Hebu kikalie nikisikie." Kijana anatazama huku na huku, anabana koo, anatoa mlio wa kiti kwa mdomo. Hapo watu kadhaa walicheka, maana mlio wa kiti hauhitaji tafsiri.

Siku inayofuata anapiga tena. Mama anapokea, halafu kwa sauti ya unyenyekevu kabisa, sauti ya mtoto aliyepiga goti, anasema, "Shikamoo, bosi."

Maandishi chini ya picha yalisema: Habari za asubuhi, bosi.

Kijana hawezi kuitikia. Akisema marahaba amemgeuza mama yake mtoto. Asiposema, amekiri kwamba ofisi hakuna. Anafungua mdomo, anaufunga. Kamera inakaa pale muda mrefu kupita adabu, na mwishowe anasema, "Mama, usinifanyie hivyo." Mama anacheka, anamuuliza kama amekula.

Kicheko kilinipanda kutoka tumboni kama chafya. Nilikikamata kooni, nikauma ulimi, nikaurudisha uso wangu wa bafuni. Ukumbi ulikuwa kimya. Kwa pembe ya jicho nilimwona mwenzangu wa kulia, muuguzi Mfilipino, akinigeukia, kisha akirudi kwenye skrini. Wa kushoto, mwenyekiti wetu, binti wa Kitunisia anayesomea usanifu wa majengo, akafanya vilevile. Nilijisifu moyoni. Nilidhani nimefaulu mtihani.

Kesho yake tulikaa kuamua. Tulizungumza Kiingereza, na yaliyosemwa juu ya filamu nyingine nayaacha mlemle chumbani. Ilipofika zamu ya filamu ya mlinzi, mwenyekiti alisema tuiweke kando; nusu ya kwanza nzuri, halafu inazimika.

"Inazimika kwa nini?" nikauliza.

"Kwa sababu yako," akasema, bila ubaya wowote. "Sisi wengine lugha hatuijui. Ilipofika ile simu ya pili tulikutazama wewe. Tukaona hata wewe haikukugusa."

Nikaanza kueleza shikamoo. Nilieleza kwa ukamilifu, kama ninavyofanya kila kitu nikiwa na hofu: nani humwamkia nani, huitikiwaje, inakuwaje isipoitikiwa. Walisikiliza kwa heshima. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ile simu ilivyozidi kufa mikononi mwangu. Niliomba tukitazame kipande kile upya, wakakubali. Taa zikazimwa. Sasa nilikuwa na ruhusa ya kucheka, tena wote walikuwa wananisubiri nicheke.

Mama akasema maneno yake. Nilikitafuta kicheko cha jana, nikapata pumzi tu. Kutengeneza kingine cha uongo sikuweza.

"Ndipo hapo?" mmoja akauliza gizani.

"Ndipo hapo."

Taa ziliporudi, muuguzi alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe. "Kwetu mtoto huuchukua mkono wa mkubwa, akaugusisha kwenye paji la uso wake," akasema. "Kwa hiyo hii ni kama mama yangu auchukue wa kwangu." Aliuweka mkono mapajani, akaufunika kwa ule mwingine.

Tulipopiga kura, yeye na mimi tulikuwa upande mmoja, na wenzetu watatu upande wa pili. Mwenyekiti akaniambia: "Kama tungecheka jana, pamoja na watu, ningeipa kura yangu. Leo nimeielewa tu."

Zawadi zilitolewa jioni iliyofuata. Baada ya picha na mikono ya pongezi nilimkuta mlinzi kwenye ukumbi wa nje, karibu na meza ya kahawa, koti limekunjwa juu ya mkono. Alinisalimia kabla sijamfikia.

"Dada, habari za kazi. Tangu siku ile nilijua wewe ni wa nyumbani. Ulikuwa umekaa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali."

"Mama umempigia?" nikamuuliza.

"Nimemwambia mtandao mbovu. Tangu juzi mtandao mbovu." Alitabasamu kidogo. "Filamu haijaisha, unaona."

Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga tangu asubuhi. Kusema kwamba majaji tulikatazwa kucheka kungekuwa uongo. Kusema kwamba nilicheka moyoni kungekuwa kweli, ila kweli ya kujisaidia mwenyewe. Nilipomwona anavyoishika simu yake, nikaacha yote niliyoyapanga.

"Kwenye shikamoo," nikasema. "Kicheko kilinijia, nikakizuia. Hakuna aliyenikataza, kaka. Nilidhani jaji hatakiwi kucheka. Na ukumbi mzima mimi tu ndiye niliyesikia."

Sikuongeza, kwa sababu kilichobaki kilikuwa cha chumbani. Lakini hakuwa mtu wa kuambiwa kila kitu. Siku ile alituona kwa ubavu, wenzangu waliponigeukia, na nikajua kwamba amefika mwenyewe mahali ambapo sikuweza kumpeleka. Hakunifariji, na kwa hilo namshukuru. Alibonyeza simu, akaisikiliza ikiita.

"Mama, kuna jaji hapa," akasema. Akanipa. "Mwambie mwenyewe."

Nilikuwa navuta pumzi nimwamkie. Akaniwahi.

"Shikamoo, jaji."

Sauti ileile ya mtu aliyepiga goti. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Kimya hiki nilikijua, nilikuwa nimekitazama mara mbili na kukieleza kwa watu, na bado sikuwa na pa kutokea. Halafu kile nilichokikamata kooni siku ile kikanitoka, kikubwa, kibaya, machozi ndani yake, mpaka walinzi wa mlangoni wakageuka. Mama alisubiri nimalize. Nilimsikia anavyopumua.

"Mmoja amecheka," akasema. "Haya, nirudishie bosi wangu."

Nikampa mwanawe simu. Alisogea hadi kwenye kioo kikubwa kinachotazama barabara, akanipa mgongo. Nilipaswa kuondoka, lakini nilibaki.

"Naam, mama," nikamsikia. "Hapana, hawakunipa." Pembeni yake palikuwa na viti vingi, vya velveti, vimepangwa kwa ajili ya wageni, na vyote vilikuwa vitupu.

"Hapana, mama," akasema. "Nimesimama."