Mama Simama na 'njia nyeupe' ya mumewe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala barabarani na Mama Simama yuko kazini kitambo. Amevaa koti la njano lenye mikanda inayong'aa na raba zilizoisha visigino. Mkononi ameshika kibao chekundu cha duara, chenye mpini wa mbao, kilichoandikwa SIMAMA. Kibao hicho ndicho kilichompa jina. Jina la kuzaliwa, anasema mwenyewe, limebaki kwenye kitambulisho.

Kazi yake ni kuvusha watoto wa shule ya msingi kwenye barabara kuu. Leo, lakini, macho hayatulii. Kila akivusha kundi anageukia kichochoro kilicho ubavuni mwa banda la fundi baiskeli. Anamsubiri mtoto mmoja wa kike, wa darasa la kwanza, ambaye hajavuka hapa tangu siku alipovunjwa mguu.

"Mama yake amesema leo anamleta," anasema. "Sijui kama atakubali nimshike mkono. Ningekuwa yeye, nisingekubali."

Gari dogo linatokeza kwenye kona ya upande wa mjini na kuwasha taa kubwa mara mbili, likiyaelekea magari yanayokwenda huko. Mama Simama hata hashangai. "Trafiki wako pale na tochi," anasema. Tochi ni jina ambalo madereva wamekipa kile chombo cha askari cha kupimia mwendo.

Mara ile adabu inashuka kutoka mbinguni. Lori lililokuwa linanguruma linanyamaza, na pikipiki inatembea kama imebeba mgonjwa. Watoto wanavuka huku wakipiga soga.

Madereva wa barabara hii wana lugha yao. Taa mara mbili maana yake askari wako mbele, punguza. Kiganja kikitolewa dirishani na kupungwa juu, maana yake wameondoka, njia nyeupe, kanyaga. Haifundishwi popote, lakini hata aliyenunua gari jana anaijua.

Mama Simama aliijulia nyumbani. Mumewe anaendesha tipa la mchanga na hupita hapa kutwa, akienda na kurudi. Wenzake walimbandika jina la Mzee wa Taa, kwa sababu hakuna dereva aliyewahi kupishana naye akakosa habari.

"Kwangu mimi ulikuwa utu," anasema mzee huyo, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. "Faini moja inakula unga wa nyumba nzima. Unamwona mwenzako anakwenda kutumbukia shimoni, unanyamaza? Wewe utakuwa mchawi."

Mkewe hakupinga. Alikuwa mfagiaji wa shule kabla barabara haijapanuliwa na kuwekwa lami laini kama sahani. Magari yalipoanza kupita kama yanafukuzwa, wazazi walikubaliana kuchanga posho ili mtu mzima asimame pale na kibao. Posho yenyewe, kwa mwezi, haifikii bei ya viatu vizuri. Aliikubali kwa sababu watoto walikuwa wakimjua, naye aliwajua mpaka wavivu wa kuoga.

"Siku za taa zilikuwa sikukuu yangu," anasema. "Nilikuwa namwambia Baba Watoto, pigeni taa jamani, mkipiga nyie mimi napumzika."

Kupumzika huko ndiko kulikomponza. Taratibu, bila kujitambua, alianza kusoma taa badala ya kusoma magari. Akiona madereva wameonyana asubuhi, siku nzima aliingia barabarani kwa moyo mweupe, kibao juu, bila kungoja gari lisimame kabisa. Ya nini kungoja, na kila mtu anatambaa?

Siku ya ajali trafiki walikuwepo tangu mapema. Mchana, watoto wadogo wakiwa ndio wanatoka, Mama Simama aliwakusanya ukingoni. Tipa la mumewe likapita kuelekea mjini. Akampigia honi, naye akampungia kibao. Mumewe alimwona, akawaona na watoto waliomzunguka, akaenda zake akitabasamu. Tipa likaingia konani, Mama Simama akaingia barabarani na foleni yake ya watoto.

Mtoto wa mwisho kwenye foleni kiatu kilimchomoka mguuni. Akainama kukiokota.

"Nilisikia injini kabla sijaona kitu," anasema Mama Simama, na hapo anakishusha kibao. "Haikuwa injini ya mtu anayetambaa. Nikasema moyoni, huyu hajapigiwa taa? Basi. Sikuwahi hata kusema neno la pili."

Ilikuwa pikapu ya mayai. Dereva aliminya breki, gari likaserereka, bampa likamkumba mtoto pajani na kumtupa kwenye majani ya kando. Trei za mayai ziliporomoka barabarani. Kiatu kilibaki palepale kilipokuwa, katikati ya milia myeupe ya kivuko.

Mtoto hakulia, na hilo ndilo mpaka leo linamtoa Mama Simama jasho. Alilala akimwangalia tu, macho makavu, kana kwamba anasubiri aambiwe kilichotokea.

Dereva wa pikapu, kijana mdogo, alikaa chini juu ya mayai yaliyopasuka. Alikuwa akirudia maneno yaleyale. "Nimeambiwa njia nyeupe, mama. Nimeambiwa njia nyeupe."

Mama Simama alimbeba mtoto hadi kwenye gari la msamaria mmoja, wakaenda hospitali. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Daktari alisema wamshukuru Mungu, ingekuwa kidogo juu zaidi wangekuwa wanazungumza mengine.

Jioni alirudi nyumbani koti likiwa limeganda damu na kiini cha yai. Mumewe alikuwa nyuma ya nyumba ananawa miguu, mgongo ameugeuzia mlango. Alimsikia akiingia, akaanza kumsimulia ya siku, kama kawaida yake.

"Mke wangu, leo nimewafaa watu," alisema. "Wale jamaa wa tochi wameondoka mapema, kumbe wenzetu hawajui. Kuna mmoja wa pikapu ya mayai alikuwa anajikokota, mpaka nikamwonea huruma. Nikampa njia nyeupe."

Mama Simama alishika mwimo wa mlango.

"Pikapu ya nini?" aliuliza.

"Ya mayai. Kwani vipi?"

Mzee aligeuka, akaliona koti. Anasema hakuhitaji kuambiwa mengi. Maji yalimwagika, beseni likabingirika hadi ukutani, wala hakuna aliyeinama kuliokota.

"Nilikuwa nimemwona mke wangu kwa macho yangu mawili," anasema sasa, taratibu, kama mtu anayejisomea mashtaka. "Nilimpigia honi. Nikamwacha na watoto wa watu barabarani, nikakata kona, nikatoa mkono nikasema hakuna kitu. Hakuna kitu! Akili yangu ilikuwa inatafuta askari tu. Asipokuwepo askari, basi barabara ni tupu."

Siku ya pili walikwenda pamoja hospitali kwa mama wa mtoto, fundi cherehani anayefanyia kazi kibarazani kwake. Mzee wa Taa alisema yote, hakuficha hata chembe. Walitegemea matusi. Walitegemea hata kupigwa.

Mama yule akauliza, "Kwa hiyo mchana kutwa mnaulizana kama askari yupo? Na hakuna hata mmoja anayeuliza kama mtoto yupo?"

Mzee wa Taa anasema swali hilo linamfuata mpaka kitandani, na nyumba yao ilikaa wiki kadhaa kama yenye msiba. Walipeana chakula na kusalimiana, basi.

Je, dereva amwonye mwenzake au asimwonye? Sajenti anayesimamia ile tochi hana kinyongo na taa mara mbili. "Mimi sikuja kuvuna faini. Wakionyana wakapunguza, kazi yangu imefanyika bila mimi kutoa jasho. Tatizo wanapunguza kwa ajili yangu. Nikienda kula tu, wanalipiza mwendo wote waliokuwa wamebana."

Kijiweni kwa madereva wa mchanga, mmoja wao haoni kosa liko wapi. "Aliyegonga ni mwenye pikapu, mguu wake ndio uliokanyaga mafuta. Tukianza kuhukumu mikono iliyopunga, sote hapa tutalala ndani."

Mzee wa Taa alisikia utetezi huo na haukumfaa. Kiganja hakitoi tena. Badala yake, kila akikaribia kivuko cha mkewe au akishakipita, anawapigia taa mara mbili wote anaopishana nao, trafiki wawepo wasiwepo.

Mwanzoni walimwamini. Walipogundua kuwa wanapunguza na askari hawaoni, walimweka kitimoto. Kwa nini unatudanganya, mzee mzima? Pale hakuna askari.

"Yupo," aliwajibu. "Ana koti la njano na kibao chekundu. Tena huyu nalala naye nyumba moja."

Wengine walicheka, wengine wakatazamana. Wachache wameanza kufanya kama yeye. Wengi wamembadilisha jina, sasa wanamwita Taa Mbovu, na akiwamulika hawainui hata mguu kwenye mafuta. Heshima aliyoijenga miaka mingi imekwenda na maji. Anasema haimuumi, lakini anavyolisema hilo unaona inamuuma.

Mkewe naye amebadilika. "Taa sisomi tena. Nasoma tairi. Tairi lisipokufa, yaani lisiposimama kabisa, mtoto wangu hanyanyui mguu."

Anachokiomba sasa ni matuta mawili, moja kila upande wa kivuko. Ameahidiwa na wakubwa, ameahidiwa tena, na amepanga kuwafuata ofisini na wazazi wote nyuma yake. "Tuta halipokei taa ya mtu," anasema. "Wala haliendi kula mchana."

Kichochoroni wanatokea watu wawili. Fundi cherehani amemshika binti yake, ambaye anachechemea ndani ya soksi zilizovutwa hadi magotini. Mama Simama anajifuta viganja kwenye koti. Hasogei.

Mtoto anafika, anautazama mkono alionyooshewa, anaukwepa, anaushika upindo wa koti la njano.

Trafiki wamekwishaondoka. Kutoka upande wa kona linakuja tipa la mchanga, likiziwasha taa zake mara mbili, mara mbili tena. Gari jeupe linalotoka upande wa pili linapunguza. Dereva wake anachungulia huku na huku, haoni mtu wa kumwogopa, anatoa kichwa dirishani kwa hasira.

"Mama, askari wako wapi?"

Mama Simama ameinua kibao. "Ni mimi," anasema. "Subiri."

Tipa limesimama. Gari jeupe nalo, baada ya kusitasita, limesimama. Mama Simama anapiga hatua ya kwanza, lakini koti linamvuta nyuma. Mtoto amekataa. Ameinama kidogo, anatazama magurudumu, ya huku na ya kule.

"Yamekufa?" anauliza.

"Yamekufa, mwanangu."

Anaangalia tena mwenyewe. Ndipo anavuka.