Sungura ya binti yangu ilitoa machozi, na mama wa watu akaitwa jasihoho

Wakuu, hamjambo nyote mlio macho na mliolala.

Mimi ni mzee wa huku Rangwe, Homa Bay. Shule niliacha mapema, kwa hivyo mkiona herufi imekaa vibaya rukeni tu muendelee. Simu ni ya mjukuu wangu, kidole ni changu. Mambo yenyewe ni kweli tupu, na ningefurahi sana kama ingekuwa uongo.

Nimeona kijana mmoja ameuliza hapa jukwaani, eti sungura yake macho inatoa maji kila saa, afanye nini. Mmemjibu vizuri, huyu dawa hii, yule dawa ile.

Hiyo macho mimi naijua. Ilinivua nguo mbele ya soko nzima.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kinyozi pale Rangwe. Si kinyozi ya umeme kama hizi za sasa zenye muziki na vioo pande zote. Mimi nilikuwa na mashine ya mkono, ile ukikosea kidogo inang'oa nywele na mteja anakutajia mama yako. Kiti moja, kioo moja iliyopasuka, na mdomo wangu. Watu walikuja kwa sababu ya mdomo. Mtu hana hata nywele anaketi tu asikie habari.

Hiyo mdomo ndiyo shida ya hii thread.

Binti yangu Akinyi alikuwa mdogo, darasa la pili. Mjomba wake akamletea sungura kutoka Migori ndani ya kikapu. Nyeupe pe, macho nyekundu. Akaiita Pamba.

Niseme ukweli, siku ya kwanza nilitazama ile miguu ya nyuma nikaona supu. Lakini mtoto aliiweka begani ikalala hapo kama mtoto mwenzake, na mimi nikajua hapa hakuna supu.

Basi nikaipenda pia. Jioni nikitoka kazini inanikimbilia. Nikaanza kuilisha mwenyewe kwa mkono. Ugali laini. Uji. Mandazi imeloweshwa kwa chai ya maziwa.

Nyasi? Sikuipa. Nilisema nyasi ni ya ng'ombe. Hii ni mgeni wetu ametoka Migori, na mgeni kwa nyumba ya Mjaluo hawezi kuwekewa nyasi kwa sahani. Nilijiona mtu mkarimu kabisa.

Sasa kulikuwa na jirani yetu, mjane. Hapa nitamwita Mama Omena kwa sababu alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwa, pale sokoni. Jina lake silitaji. Alikuwa ameolewa kutoka mbali, na kwa hiyo hakuna mtu alijua mama yake wala nyanya yake. Lakini usiku Akinyi alizaliwa, mvua imefunga barabara, ni yeye alikuja na kumzalisha mke wangu. Kitovu alikata yeye.

Jioni moja akaingia kwetu tukiwa tunakula. Pamba iko hapo kando ya sahani yangu inatafuna ugali.

Mama Omena akashika kiuno. "Ere! Wuon Akinyi, hii sungura yenu inakula ugali kuliko marehemu bwana yangu! Na bwana yangu alikuwa anajua kula!"

Tukacheka wote. Hata mimi mwenyewe, Wuon Akinyi, yaani baba yake, nilicheka.

Haikumaliza wiki, macho ya Pamba ikaanza maji.

Kwanza jicho la kushoto, halafu yote mbili. Manyoya chini ya macho ikashikana, ikawa rangi ya chai. Asubuhi inaamka macho imefungwa na utando. Akinyi anaketi nayo anapangusa na sketi ya shule, na yeye analia, hata hujui machozi ni ya nani.

Nilijaribu kila kitu. Maji ya chumvi. Majani ya chai. Dawa ya macho iliyobaki ya mtoto wa ndugu yangu. Mtu akaniambia maziwa ya mama anayenyonyesha ni dawa, nikaenda kumuomba shemeji yangu. Mke wangu akanipata mlangoni kwa watu na kikombe mkononi.

"Baba Akinyi, sasa umeanza kuombea sungura maziwa ya binadamu?"

Aibu hiyo ni ndogo. Ngojeni.

Kwa wasio wa huku nieleze. Kwetu kuna mtu anaitwa jasihoho. Wanasema akikutazama ukikula, chakula inageuka ndani, unaumwa mpaka utafutiwe mtu wa kuitoa. Wanasema inatoka kwa mama inaenda kwa binti. Mtu akishaitwa hivyo, hakuna nyumba itamfungulia sufuria. Watu wanafunika sahani akipita.

Sasa fikiria huyo mtu kazi yake ni kuuza chakula.

Marehemu mama yangu alikuwa anaishi na sisi. Ni yeye alisema kwanza, polepole, akichambua mboga. "Ile siku sungura ilikuwa inakula, nani aliingia?"

Mke wangu akawaka. "Mama, wacha hiyo. Huyo mwanamke alishika mtoto wangu kabla mimi nimshike."

Ningesikia mke wangu. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na neno likiingia kwa kinyozi linatoka. Kesho yake mteja aliniuliza sungura inaendeleaje, nikasema, "Haijapona, na kuna jirani aliitazama ikikula, mimi sisemi kitu." Hivyo tu. Mimi sisemi kitu. Nikamwambia na wa pili, na wa tatu. Kufika jioni kila kichwa niliyonyoa ilikuwa imebeba hiyo habari nyumbani kwake.

Mama yangu akaniambia dawa ni rahisi. Huyo aliyeitazama akiitemea mate kidogo, inaisha.

Siku ya soko nikachukua Pamba ndani ya kikapu, Akinyi nyuma yangu, nikaenda mpaka kwa meza ya omena. Watu walikuwa wengi.

"Nyaminwa," nikasema, yaani dada yetu, "sina ubaya na wewe. Macho ya hii kitu imekataa. Naomba tu uiteme mate kidogo tumalize."

Pale karibu watu wote wakageuka.

Mjue, kuombwa kutema ni kuambiwa wewe ndiye. Na ukitema, umekubali.

Mama mmoja wa kuuza nyanya akasema kwa nguvu, "Ateme! Kama hana kitu, mate itamfanya nini?"

Mwingine huko nyuma: "Kinyozi, umemaliza vichwa vya watu sasa unahudumia sungura?" Watu wakacheka.

Mama Omena hakucheka. "Wuon Akinyi. Huyu mtoto nilimtoa kwa mkono yangu."

"Najua."

"Unajua, na bado umekuja."

"Nimekuja kwa sababu yeye analia."

Akamtazama Akinyi. Akainama. "Nyathina, mtoto wangu, inaitwa nani?"

"Pamba."

"Inajikuna?"

"Usiku yote."

Akaitisha maji moto kwa mwenye chai. Akaingoja ipoe kidogo. Akapasua pembe ya leso yake, leso safi, akashika Pamba kwa mapaja na kuanza kupangusa. Polepole, huku ukoko ukitoka kidogo kidogo, anakanda hapa kati ya jicho na pua, anapangusa tena. Alichukua muda. Wateja wakisimama kumngoja hakuwajali. Macho ikafunguka, nyekundu, safi.

Halafu akapiga funda ya maji, akanitazama mimi, na akaitemea sungura. Pfff.

"Haya. Nimetema. Mtoto asilie tena."

Wakuu, ile macho ilikauka.

Siku mbili, tatu, hakuna hata tone. Akinyi anaruka. Mimi nikanyoa watu nikijisifu kama daktari. Mpaka siku ya soko iliyofuata ndiyo nikaangalia upande wa omena.

Hakuna mteja. Mama Omena amepanga debe zake vizuri, omena imekauka vizuri inang'aa, na wanawake wanapita kama hapo ni shimo. Mmoja alikuwa amekaa karibu anakula ndizi, akamwona, akageuza mgongo kwanza. Alikaa hivyo mpaka jua ikateremka, halafu akafunga akaenda.

Nilijiambia watasahau.

Halafu macho ya Pamba ikarudi maji. Mbaya kuliko mwanzo. Sasa hata ugali inaangusha kwa mdomo.

Mke wangu akaweka Pamba ndani ya kikapu. Alifunga kikapu nyuma ya baiskeli yangu na kunionyesha barabara ya Homa Bay.

Huko nikapata daktari wa mifugo, kijana tu, ana gumboots. Akaniuliza, "Mzee, inakula nini?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Hii yetu. Ugali, uji. Mandazi kama iko."

Kijana akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akafungua mdomo ya Pamba akaniita niangalie. Meno ya mbele ilikuwa imejikunja kama kucha za mtu mgonjwa.

"Meno ya sungura haiachi kuota," akasema. "Nyasi ndiyo inaisaga. Wewe umeipa vitu laini. Sasa meno imekuwa ndefu, mizizi imesukuma huku juu, imeziba ile njia machozi inashukia kwa pua. Ikikosa njia inamwagika nje."

Nikamuuliza mbona ilikauka siku chache.

"Kuna mtu aliiosha?"

"Ndiyo."

"Na maji moto? Akakanda hapa?"

"Ndiyo."

"Basi huyo alizibua kidogo. Alifanya vizuri. Mwambie aendelee."

Mwambie aendelee.

Nilisukuma baiskeli sehemu kubwa ya njia ya kurudi. Haikuwa na pancha. Sikutaka kufika.

Daktari alikuwa amepunguza meno na kunipa dawa ya kupaka. Pamba ikaanza nyasi, kwanza ikakataa kama mtoto wa mjini, halafu ikazoea. Ikapona, ingawa jicho la kushoto halikukauka kabisa. Hiyo upande iliisha vizuri.

Upande ile ingine nilifikiri ni rahisi. Mdomo iliharibu, mdomo itengeneze. Kila mtu aliketi kwa kiti yangu nilimwambia: ilikuwa meno, si mtu. Daktari amesema.

Wakanicheka. "Kinyozi, amekupa omena ya bure?" Mmoja akasema, "Sisi tulikuwa hapo. Ametema, ikakauka." Nikamwambia ni maji moto. Akasema, "Basi ni maji moto ya jasihoho."

Nikaona maneno imekataa, nifanye kitu watu waone. Siku ya soko nikabeba ugali kwa bakuli. Nikanunua omena yake, nikampa mwenye chai aikaange, nikaketi kwa stuli mbele ya meza yake, uso kwa uso. Watu wakaanza kujaa.

Nikasema kwa sauti, "Nyaminwa, nitazame nikikula. Nitazame mpaka nimalize. Kesho waje nyumbani waniulize kama tumbo imeuma."

Nilifikiri nimefanya kitu kubwa. Nilikuwa najivunia.

Mama Omena aliweka chini mkebe wa kupimia omena. Halafu akasema, bila hasira, kama mtu amechoka kutembea, "Kula, Wuon Akinyi. Lakini mimi sikutazami. Ulinifanya nitoe ushahidi mara moja mbele ya hawa watu. Mara ya pili sitoi."

Akageuza stuli yake, akaketi akiangalia ukuta wa duka.

Na nyuma yangu nikasikia mama wa nyanya anaambia mwenzake, "Umeona? Anajijua. Amegeuza macho."

Nilikula peke yangu ile omena yote. Sikuumwa. Hakuna mtu alikuja kuniuliza.

Kabla mvua ya masika, Mama Omena alihama. Nyumba akafunga na waya.

Miaka ikapita, nikaenda upande wa Migori kwa shughuli ya harusi, na kwa soko moja huko, sitasema gani, nikamwona. Amenenepa kidogo. Meza kubwa, wanawake wamemzunguka wanabishana bei, mmoja anaonja omena papo hapo akimtazama usoni na wanacheka.

Miguu yangu ilitaka kwenda. Nilikuwa na maneno nimepanga miaka hiyo yote.

Halafu nikafikiria. Nikimsalimia, mtu atauliza, huyu mzee ni wa wapi? Ni wa Rangwe. Mnajuana aje? Na pale mimi na hii mdomo.

Nikapita nyuma ya lori ya viazi, nikaenda zangu. Msamaha nilitaka kuomba ilikuwa ya kunisaidia mimi.

Sasa kijana uliyeuliza, nisikie. Sungura yako usiitilie dawa ya macho ya watu. Osha na maji iliyochemshwa ikapoa, kitambaa safi. Ipe nyasi, nyasi nyingi, kila siku. Safisha pale inalala, mkojo pia unachoma macho. Na iende kwa daktari aangalie meno, usijaribu kukata mwenyewe na koleo. Na mwenye kuingia kwako jioni ukila, mkaribishe.

Wenye sungura ongezeni hapo chini nilichosahau. Mkitaka kunitukana pia nafasi iko, nitasoma yote, mjukuu atanisaidia.

Ombi ni moja tu. Kama uko mtu wa Rangwe wa miaka ile na umemtambua huyu mama, usiandike jina lake hapa.