Jogoo wa Kifungu cha Saba

Mbaraka Shekwavi, mtoto wa mama mkubwa wangu, alikuwa mtu wa kuzionea nukta huruma. Akikuta nukta imekaa pasipo pake anaiondoa taratibu, kama anayemtoa mtoto wa watu kwenye tope. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka ofisi ya kilimo Lushoto, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi, ndani ya koti lililoshonewa mtu mnene. Kijijini Mlola tulimwita Bwana Mkato. Hakukasirika hata kidogo. Alisahihisha tu matamshi yetu.

Mwaka mmoja, enzi za Mwingereza, Serikali iligundua kwamba milima yetu inahamia baharini. Dawa yake ikawa kitabu, Kanuni za Matuta na Miteremko. Kila kitu humo kina kipimo: kimo cha tuta, upana wa mfereji, na namna ya kupima mteremko kwa pembetatu ya miti yenye uzi na jiwe. Wahariri walikuwa watatu. Bwana Shamba, Mzungu mrefu, aliandika kwa Kiingereza. Abdi wa Tanga alilinda Kiswahili kana kwamba ni urithi wa babu yake na sisi wa milimani tumepanga chumba tu. Mbaraka alitafsiri, akanakili, akabeba lawama.

Kifungu cha saba kilikuwa kifupi: shamba lenye mteremko uliozidi kipimo lisilimwe, lipandwe miti. Mbaraka alikitafsiri vizuri mno, kisha akabaki ameshika kalamu. Shamba la mama yake, Mwanamisi, limesimama kama ukuta. Ukidondosha boga kule juu, unalifuata kwa jirani. Ila limejaa migomba, na chini ya migomba maharage, na udongo wake haujawahi kwenda popote.

Rasimu ikasomwa barazani Mlola. Bwana Shamba akauliza kama kuna asiyekubali. Watu kimya. Kwetu neno la mkubwa halikataliwi mdomoni. Mtu anarudi nyumbani, halafu anapeleka kitu cha kuliwa. Mkubwa anauliza, "Kuna nini?" na hapo ndipo maneno yanatoka. Akikila, ombi limekubaliwa. Bwana Shamba hakuyajua hayo. Akatangaza kwamba mwenye maoni ayalete ofisini kabla kurasa hazijaenda kwa mpiga chapa. Baada ya hapo, basi.

Muda ukiwa unakaribia kwisha, Mwanamisi akafika ofisini Lushoto kwa miguu, mkungu wa ndizi kichwani na jogoo mwekundu kwapani. Mbaraka akatoka nje mbio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekonda. Wino ndio mnaokula huku?"

"Mama, si ungeniambia tu mimi?"

"Wewe nimekuzaa. Nikuletee jogoo wa nini?" Akamkabidhi. "Mpe bwana wako. Akiuliza kuna nini, mwambie migomba. Penye migomba watuachie."

Akaondoka, maana mvua ilikuwa imeshakaa upande wa Shume.

Bwana Shamba alipomwona jogoo alifurahi hadi masikio yakawa mekundu kumshinda jogoo mwenyewe. Hakuuliza kuna nini. Aliketi palepale akaongeza sentensi kwenye dibaji: wenyeji wa Mlola wamezipokea kanuni hizi kwa shukrani, hata wakaleta zawadi. Jogoo akapelekwa kwa mpishi.

Mbaraka akamvuta Abdi pembeni. "Yule jogoo si shukrani. Ni maoni."

"Maoni? Yana sahihi? Yanahusu kifungu gani?"

"Cha saba."

"Ndugu yangu, mpiga chapa nimwambie jogoo akae ukurasa wa ngapi?" Abdi akacheka hadi akatafuta leso. "Haya, mwambie bwana mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akimaliza dibaji."

Dibaji ikaisha, kukawa na mchoro wa pembetatu uliogeuzwa kichwa chini. Mchoro ukanyooshwa, mpishi akaita. Bwana Shamba akampakulia Mbaraka kwa mkono wake mwenyewe, akasema yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote. Nyama aliyokupakulia mkubwa utaisukuma vipi? Jioni kurasa ziliteremka kwenda Tanga kwa lori la kabichi.

Kitabu kikatoka safi, bila nukta moja iliyopotea njia. Mlola nako habari zilishafika kwamba jogoo kaliwa. Mwanamisi akalima kwa raha, akaongeza maharage. Wakaguzi walipokuja na pembetatu yao aliwakaribisha. "Pimeni, baba zangu. Hayo tulishayamaliza na bwana."

Wakapima. Jiwe likapita alama. Wakafyeka migomba yote, na barazani karani akamsomea kifungu cha saba kwa Kiswahili kitamu cha mwanawe. Alipoeleza habari ya jogoo, wakamsomea dibaji. Mimi hucheka hata msibani, lakini siku ile sikuona pa kuanzia.

Ijumaa Mbaraka akaja, na koti lake. Mama yake alikuwa jikoni anamenya ndizi za ile mikungu iliyoangushwa kabla ya wakati wake.

"Jogoo alifika kwa bwana?"

"Alifika."

"Akamla?"

"Akamla."

"Hakuuliza kuna nini?"

"Hakuuliza, mama."

Kisu kikaendelea. "Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukamwambia migomba?"

Mbaraka akaangalia moto.

"Walikupa nini?" mama akauliza.

"Paja."

Mwanamisi akaitikia kwa kichwa. Akapakua ndizi kwenye sahani, akaisogeza mbele yake kwa mikono miwili, kama anavyopakuliwa mgeni.

"Kula na hizi," akasema. "Ndizo za mwisho."