Uwazi Nyuma ya Ubao wa Mninga

Admin, ukiposti hii futa jina langu kabisa, maana Tabora tunajuana hadi baiskeli za watu.

Mimi ni dada wa miaka 28, sijaolewa, nachora ramani za nyumba kwa kompyuta. Nimelelewa na baba yangu mkubwa, seremala wa Itetemia. Randa yake ndiyo iliyonisomesha. Leo mzee huyo anaamini macho yake yamekwisha, na aliyemuaminisha ni mimi.

Mwaka jana nilipata kazi ya nyumba yenye sebule ya duara. Mlango mkubwa uko kwenye ukuta uliopinda, na mwenye nyumba alitaka fremu izungukwe na mbao pana za mninga, za urembo, zilale juu ya ukuta kwa upande wa nje. Sasa ile programu ninayochorea ukuta inaupinda vizuri tu, ila mbao za mlango zinabaki zimenyooka kama rula. Ukitazama mchoro kwa mbele huoni kitu. Ukitazama kwa juu, ncha za ule ubao wa juu zimeachana na ukuta.

Niliona. Nilihangaika siku mbili, na mwenye nyumba anapiga simu kila saa. Nikafanya ujinga, nikachora kipande chenye rangi ya ukuta nikaziba ule uwazi. Picha ikatoka safi. Nikasifiwa, nikavimba kichwa.

Kazi ya mbao akapewa baba mkubwa. Akaniambia, "Mwanangu, ngoja kwanza niende na boksi, nilikate lifuate mpindo wa ukuta, ndipo nikate ubao." Ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Nikamjibu, "Baba, mambo ya maboksi yamepitwa na wakati. Kompyuta imeshapima, kata kama ilivyo kwenye karatasi." Akacheka, akaenda kukata.

Siku ya kufunga, ubao ukagusa ukuta katikati tu, pembeni vidole vinapita. Mwenye nyumba akasema mbele ya mafundi wote, "Mzee, pumzika sasa. Macho yamekwisha." Baba mkubwa akaingiza vidole kwenye ule uwazi, akavipitisha taratibu, akasema, "Kweli, nimeisoma vibaya karatasi." Nilikuwa nimesimama palepale. Sikufungua mdomo.

Tangu siku ile hajashika randa. Na mimi kila mlango ninaoingia, iwe benki au kwa jirani, najikuta napapasa nyuma ya fremu. Vile vidole vyake haviniachi. Nikifungua kompyuta navikuta vimeshatangulia.

Juzi nilikwenda kumsalimia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Nataka unichapie barua."

Barua ya kumuomba msamaha mwenye nyumba. Akasema, "Asije akakunyima kazi kwa sababu ya uzee wangu." Jamani, nilichapa neno kwa neno huku machozi yananilenga, akadhani namuonea huruma.

Barua iko kwenye kompyuta ileile yenye mchoro. Ijumaa anakuja kutia sahihi. Nikisema ukweli nitapoteza wateja, ila hilo si kitu. Naogopa atakavyonitazama.

Ndugu zangu, kunitukana mtanitukana, najua. Ila niambieni, Ijumaa nimpe kalamu, au nimfungulie ule mchoro autazame kwa juu?