Kijiko cha Karanga

Nikisikia harufu ya karanga zikisagwa hapa sokoni Busia, wivu ule hunirudia. Tuliishi Tororo, kwenye nyumba ya kina mama na watoto wenye virusi vya Ukimwi. Mama na mdogo wangu walikuwa navyo, mimi sikuwa navyo. Kila jioni mdogo wangu alimezeshwa dawa chungu, kisha akapewa kijiko cha karanga za kusaga za kuondoa uchungu. Alikilamba polepole, makusudi, akiniringia.

"Mama, na mimi nitaanza dawa lini?" nikauliza.

Kina mama waliokuwa wakichambua maharagwe wakainua macho, wakamtazama mama. Mama akachota karanga, kijiko kikajaa pomoni, akanipa. Nikakilamba mbele ya mdogo wangu, nikajua nimemshinda.