Mkuu Aliyeziba Mashine Mdomo

Sijaona mtu anayejipenda kama yule mkuu wetu wa programu. Aliletwa kutoka Nairobi kuja kutuongoza sisi wachache wa ofisi ndogo mjini Machakos, juu ya duka la dawa, na siku ya kwanza alitutangazia kwamba kazi yake haikaguliwi.

"Msimbo wangu ni kama mwandiko wangu," alisema, akimaanisha maagizo anayoiandikia kompyuta.

Mwandiko wenyewe ulikuwa wa kuku. Mistari ilipinda huku na kule, na kila kitu alikibatiza a1, a2, a3, kama ng'ombe wa mnadani.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya kuwatumia wakulima wa Kathiani ujumbe wa simu: lori la mnunuzi wa maembe linakuja lini, wachume siku gani. Niliomba tuweke kikaguzi, yaani programu inayosoma msimbo kabla haujaanza kutumika na kulalamika: hapa nafasi si sawa, jina hili halieleweki, kitu hiki umekiunda na hujakitumia popote. Mwenye ofisi alikubali. Tulipokiwasha, kazi ya mkuu iligeuka nyekundu toka juu hadi chini.

"Hii kitu yako imeharibika," akaniambia.

"Haijaharibika. Inasoma tu."

"Unataka nifundishwe na mashine? Mimi nimeandika programu tangu ukivaa sare ya shule."

Baada ya chakula cha mchana kazi yake ilikuwa kijani kitupu. Nikaifungua kwa mshangao. Hakuwa amerekebisha chochote. Kila palipokuwa na lalamiko aliweka maneno ya kuiamuru mashine isiuangalie mstari huo. Mtu mzima, mwenye cheti ndani ya fremu, ameshinda akiziba mashine mdomo! Nilimwambia mwenye ofisi, naye akasema tusigombane, mradi rangi ni ya kijani.

Kisha mnunuzi akasogeza siku ya lori hadi wiki iliyofuata. Mkuu akaongeza sehemu ya kupokea tarehe mpya. Aliipokea, akaihifadhi, akasahau kuitumia. Wakulima wakapata ujumbe wenye tarehe ya zamani. Kikaguzi kingeona. Lakini hapo pia kilikuwa kimeambiwa kinyamaze.

Mama mmoja wa Kathiani alipiga simu ofisini, nikaipokea mimi.

"Mlituambia lori ni leo. Niko na maembe hapa kwa barabara tangu asubuhi, na jua ni hii. Lori iko wapi?"

"Pole sana, mwaitu," nikamwambia, yaani mama kwa Kikamba.

"Hiyo pole nitauzia nani?"

Mkuu, aliyesikia kila neno, alisema bila kugeuka kwamba ni shida ya mtandao. Mtandao! Nilifuta amri zake zote za kunyamazisha, nikawasha kikaguzi upya, na mstari wenyewe ukajitokeza: a7, yaani tarehe mpya, haijatumika popote. Nikamgeuzia skrini. Mwenye ofisi alikuwa amesimama nyuma yetu. Mkuu akasoma, akakohoa, akasema lile jina a7 lilimchanganya. Jina alilolitunga mwenyewe.

Mwenye ofisi alimbembeleza mnunuzi, naye mnunuzi akatuma lori kesho yake, lakini maembe yaliyolainika juani aliyakataa. Tangu hapo hakuna anayekinyamazisha kikaguzi peke yake. Lazima mwenzake akubali. Mkuu aliona hayo ni matusi, akaacha kazi. Nasikia siku hizi anawafundisha vijana ubora wa msimbo.

Yule mama alijitoa kwenye programu yetu, na simlaumu hata kidogo.